Irina Privalova: mita 100 au mita 400 za viunzi?
Kwa kipaji, mbio fupi ndizo zake. Mrusi huyu alifyatuka vikali: mita 60 za ukumbini kwa sekunde 6.92 mwaka 1993, rekodi ya dunia. Ila mita 100 za Olimpiki ya Barcelona 1992 zilimpa shaba tu.

Viunzi ni kazi nyingine. Viko 10, vya sentimita 76.2, cha kwanza kiko mita 45 kutoka mstarini, vinavyofuata hupishana mita 35. Mwenye kasi akianza kwa pupa, miguu huchoka, hatua hufupika, na asiyeweza kutanguliza mguu wa kulia na wa kushoto vilevile hupunguza mwendo. Privalova alikuwa na akiba ya kasi (mita 400 bila viunzi, sekunde 49.89). Olimpiki ya Sydney 2000, akiwa na miaka 31, alichukua dhahabu ya mita 400 za viunzi kwa sekunde 53.02.