Noti za historia ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), steshenari ya stendi Moshi

Kurasa 24 kwa pini mbili. Za katikati huchomoka ukizikunja, hivyo omba ringi. Sehemu ya chanzo ndiyo yenye thamani: chuo kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikifundisha sheria tu, chini ya Chuo Kikuu cha London. Kuhamia kampasi ya Mlimani kumepewa mstari mmoja, sawa. Kosa liko ukurasa wa 9: Kivukoni, chuo cha watu wazima cha TANU, kimefanywa mzazi wa Chuo Kikuu. Jamani, ni vyuo viwili tofauti! Tena 1970 si mwaka wa kuanza. Ndipo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa vitatu, UDSM kikiwa kimojawapo. Picha zimefifia, wino wa mashine umeisha.