Ruta mpya ya nyumbani: uzoefu wangu, kuanzia taa ya chungwa

Mwezi na ushee sasa natumia ruta hii, kwa hiyo siandiki kwa furaha ya siku ya kwanza. Inarusha waifai kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na nyuma ina matundu manne ya waya pamoja na la buluu la kuingizia intaneti. Nimeridhika nayo. Ila kuifunga kulinitoa jasho siku mbili, na ningependa mwenye kuinunua kesho asipite nilikopita.

Kijitabu chake kinasema uchomeke waya, uwashe, ufungue kivinjari, uandike anwani ya ruta, 192.168.1.1, kisha uingize nenosiri lililobandikwa chini ya ruta. Yote yalikubali. Nikaupa mtandao jina, nikabadilisha nenosiri, simu ikashika waifai, alama zote zimejaa. Lakini intaneti hakuna. Taa ya mbele ikabaki rangi ya chungwa. Niliizima na kuiwasha, nikabonyeza kitundu cha nyuma kwa sindano hadi ikarudi ilivyotoka kiwandani, nikaanza upya. Chungwa ileile.

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa hali ya mtandao, mahali ambapo sikuwa nimepatilia maanani. Kifaa cha kampuni ya intaneti, kile cha ukutani, kilikuwa kimeipa ruta yangu anwani 192.168.1.4. Na ruta yenyewe ndani ya nyumba inajiita 192.168.1.1. Kwa hiyo ndani na nje kote anwani zinaanza sawasawa, na ruta haijui data ibaki humu au itoke. Niliingia kwenye mipangilio ya mtandao wa ndani, nikaiandika 192.168.10.1, nikahifadhi. Ikajiwasha upya, na taa ikawa kijani. Kijitabu hakigusii jambo hili hata kwa sentensi moja, wakati watu wengi wanaifunga nyuma ya kifaa kingine kama mimi.

Siku ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nalipia kasi ya 200 Mbps, lakini kila nikipima, hata nikiwa nimekaa pembeni ya ruta, napata 94. Asubuhi 94, usiku 94. Mtandao ukizidiwa na watumiaji, kasi hupanda na kushuka. Hii haikutikisika kabisa, na hapo ndipo nilipoacha kuilaumu kampuni na kuanza kuangalia waya. Nilikuwa nimeunganisha ruta na kile kifaa cha ukutani kwa waya wa zamani. Niliutoa, nikaushika kwenye mwanga. Kichwa chake ni plastiki angavu, nyuzi nane zinaonekana ndani kwa rangi zake. Ule wa kahawia ulikuwa umerudi nyuma kidogo, haugusi jino lake la shaba.

Waya wa aina hii una jozi nne za nyuzi. Kasi ya 100 Mbps inatumia jozi mbili tu, ya rangi ya chungwa na ya kijani. Ukitaka ngazi inayofuata, 1 Gbps (yaani 1000 Mbps), lazima zote nne ziwe nzima. Jozi ya kahawia ikikatika, vifaa vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, na ukitoa sehemu inayoliwa na usafirishaji wenyewe unabaki na hiyo 94. Nilichomeka waya mfupi uliokuja kwenye boksi, umeandikwa CAT5E ubavuni. Kipimo cha kwanza: 193. Nilipima tena mara mbili ili niamini.

Printa nayo iligoma. Ni ya zamani, inajua 2.4 GHz pekee na ulinzi wa waifai wa WPA2, wakati ruta nilikuwa nimeiwekea ulinzi mpya zaidi, WPA3, peke yake. Nikachagua ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, nikatenganisha majina ya masafa yale mawili, ikaunganika.

Kuhusu mahali pa kuiweka: iko juu ya kabati, katikati ya nyumba. Mwanzoni ilikuwa chini, nyuma ya runinga, na chumba cha mwisho kilipata alama moja. Hata sasa 5 GHz inachoka ikishavuka kuta mbili, ndiyo asili yake. Huko mwisho natumia 2.4, na inatosha kwa video.

Tangu hapo haijakatika, hata wakati wote tuko nyumbani, simu tano na kompyuta mbili. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya programu yake ya simu: haikuruhusu kuona hata orodha ya vifaa vilivyounganishwa mpaka ufungue akaunti kwa barua pepe. Ruta ni yangu, iko ndani kwangu. Mipangilio yote naifanyia kwenye kivinjari, na programu hiyo nimeifuta.