Gemu za njozi zisizokula muda wako bure: uanze na ipi?

Kabla hujavutiwa na picha, uliza jambo moja kuhusu gemu yoyote ya njozi: pointi za kupandisha leveli zinatoka wapi? Kama zinatoka kwenye misheni na hadithi, hiyo inafaa. Kama zinatoka kwa kuua mazimwi yanayorudi kila ukigeuka, jiandae kuzunguka pori lilelile jioni nzima ili bosi mmoja tu, yaani adui mkubwa anayeziba njia, akupishe. Mtu anayetoka kazini mjini na kufika Igoma usiku akiwa na saa moja ya kucheza hastahili adhabu hiyo.

Namba moja naipa Chrono Trigger, tena bila kusita. Ilitoka Japani mwaka 1995, na wahusika wake walichorwa na Akira Toriyama, yuleyule wa katuni za Dragon Ball. Maadui wengi unawaona kabla hujawafikia, hushtukizwi na pambano kila hatua tatu kama ilivyokuwa kwa gemu nyingi za wakati ule. Ukipigana na waliosimama njiani tu, unafika kwa bosi ukiwa na nguvu za kutosha. Hadithi inachukua saa ishirini na ushee. Ukimaliza, unaanza upya na nguvu zako zote ili utafute miisho mingine, nayo ni zaidi ya kumi. Ipo hata kwenye simu, kwa hiyo usiku mmoja wa meli ya Bukoba utakufikisha mbali.

Ya pili ni Divinity: Original Sin 2, ya mwaka 2017, kazi ya Larian ya Ubelgiji. Humu adui uliyemmaliza harudi, hata ungetaka kurudia huwezi. Ukikwama, dawa ni mbinu: mwaga mafuta uwashe moto, au walowanishe maji kisha uwapige kwa umeme. Ila usiruke misheni za pembeni, utakuwa mnyonge mbele ya safari. Unasevu karibu popote, na hilo lina thamani kubwa pale umeme unapokatika ghafla. Baldur's Gate 3 ya 2023, ya kampuni hiyohiyo, ni bora zaidi kama gemu, lakini inadai nafasi ya GB 150. Piga hesabu ya bando kwanza.

Ya tatu, The Witcher 3 kutoka Poland, 2015. Pointi nyingi zinatoka kwenye misheni. Kuua mbwamwitu hakukupi kitu cha maana. Ukifika visiwa vya Skellige utakuta bahari kwenye ramani imejaa alama za kuulizia. Nyingi ni mizigo ya magendo, achana nazo, hizo ndizo zinazochosha. Ukipata diski ya PS4 ya mtumba, chagua toleo lenye nyongeza zote mbili, Hearts of Stone na Blood and Wine.

Laptopu yako ni ya zamani? Chukua Undertale, dola 10 hivi. Unaweza kuimaliza bila kuua yeyote, ukibaki leveli ya 1 mpaka mwisho. Ni fupi, na inataka vidole vyepesi.

Dragon Quest ya kwanza, ya 1986, iache kabisa: imejengwa juu ya kurudiarudia. Mpenzi wa Final Fantasy za zamani atafute Pixel Remaster, matoleo yake yaliyoboreshwa, zenye mpangilio wa kuzidisha pointi mara nne na kuzima mapigano ya ghafla.

Steam, duka la gemu la mtandaoni, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na hujavuka saa mbili za kucheza. Lakini uchovu ninaousema huanzia katikati ya gemu, saa mbili hazitauonyesha, kwa hiyo kabla ya kulipa tazama video ya mchezaji aliyefika huko. Divinity na Witcher zipo pia GOG, duka jingine la mtandaoni. Huko unashusha faili la kusakinisha mara moja na kulitunza kwenye diski ya nje. Siku laptopu ikifutwa, unairudisha gemu bila kununua bando jingine.