Fundi kapiga msasa beringi mpya za konrodi, mimi nimesimama naona

Jamani hili nimekaa nalo muda, nikasema niache, ila kila nikiwasha gari roho inachemka upya. Kuna gereji moja hapa Tanga, huku Ngamiani, jina silitaji. Niliwapelekea Noah yangu inagonga kwa chini, ukikanyaga mafuta mlio unakuja. Wakashusha injini, beringi za konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) zimekwisha mpaka shaba inaonekana. Hapo sina ugomvi nao kabisa, waliona haraka, krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, wakapeleka kuchongwa ikarudi imeshuka 0.25 ya milimita, na mimi nikaagiza beringi za 0.25 Kariakoo, zikaja kwenye boksi lake.

Sasa siku ya kufunga. Kepu zote nne za konrodi, vile vifuniko vya chini vinavyoibana kwenye krenki, fundi kazitupa kwenye beseni moja la petroli, zimechanganyika. Nikamuuliza, fundi, hizo si kila moja na konrodi yake? Maana kiwandani konrodi na kepu yake vinatobolewa vikiwa vimefungwa pamoja, ukizihamisha tundu halikai duara, ndo maana namba zimepigwa ubavuni. Akasema "bosi hizi zote moja tu." Haya. Kakaza, krenki ikagoma kuzunguka. Mwenye kazi yake hapo angefungua aangalie kepu, yeye kachukua msasa!! Msasa kwenye beringi mpya, anasugua upande wa ndani unaokaa na krenki, anajaribisha, anasugua tena. Ule uso ni madini laini, tabaka jembamba mno, chenga za msasa zinazama mle na kubaki zinachana krenki. Nafasi ya oili pale ni kama 0.03 hadi 0.05 ya milimita, we unaipima kwa macho? Plastigeji, ule uzi wa plastiki wa kupimia nafasi hiyo, hana, toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, hana, anakaza kwa bomba kalichomeka kwenye spana.

Nikamwambia fundi hebu simama kwanza. Akageuka mbele ya vijana wake na wateja: "Mzee kama unajua si ungefunga mwenyewe, nipishe mwanga." Hili ndo linaniuma kuliko hela wallahi. Asiyejua anafundishwa, ila kumfokea mtu mzima aliyekuuliza kwa adabu, tena gari yake!

Gari iliwaka, siwezi kusema uongo, na ilitulia, nikaanza kujiambia labda nimemhukumu mapema. Haikupita muda, natoka Muheza na machungwa, kufika Pongwe taa ya oili inawaka kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) na mlio ule ule umerudi. Nikazima, nikavutwa.

Fundi wa Chumbageni akafungua: kepu mbili ziko kwenye konrodi zisizo zao, krenki imechanika, ikabidi ichongwe tena mpaka 0.50. Huyu mzee Mungu ampe umri. Kapanga kepu kwa namba, kapima kila moja, mgongo wa beringi kaufuta ukauke, uso kaupaka oili, ulimi kaukalisha kwenye kijigroovu chake, akikaza moja anazungusha krenki kwa mkono ndo anaenda nyingine, na ananiita "kaka njoo ushike uone."

Nilitaka kuandika kwamba ile gereji ya kwanza nendeni kwa kazi ndogo ndogo, breki, klachi, maana vijana wake wepesi kweli. Lakini mtu anayechanganya kepu halafu anafoka, breki utamwachia ukiwa na watoto nyuma? Mimi hapana, hata kumwaga oili simpi.