Miezi Kadhaa na Mashine ya Kung'arisha Mawe: Ununue au Uache?

Haya wadau, karibuni. Huo mngurumo mnaousikia nyuma yangu si jenereta la jirani. Ni hii hapa: pipa la mpira, mota, mkanda na viroli viwili. Pipa linalala juu ya viroli, linazunguka usiku na mchana. Ndani kuna mawe, maji na unga wa msasa, na baada ya kama wiki nne unatoa kitu kama hiki. Ngoja nisogeze kwenye kamera. Mnaona? Ni kavu hili, sijalipaka mafuta. Jiwe lililoiva linang'aa likiwa kavu kama lilivyong'aa likiwa na maji. Likikauka likafifia, bado hilo.

Nianze na umeme, maana hapo ndipo pesa inapopotea kabla hata hujagusa jiwe. Mashine nyingi mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani, volti 120 na hezi 60 (hezi ni kasi ya umeme kugeuka-geuka). Ukiichomeka hivyo hivyo kwenye volti 230 zetu, utasikia harufu tu. Unaweza kutafuta transfoma, sawa, lakini transfoma haigusi hezi. Zetu ni 50, kwa hiyo mota itazunguka taratibu kuliko ilivyokusudiwa. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujalipa. Mimi nilichukua ya volti 230, pipa la ratili 3, yaani kama kilo moja na theluthi.

LUKU je? Hii yangu ni wati 25. Kwa saa 24 ni uniti 0.6, kwa siku 28 ni uniti 16.8. Si nyingi, ila kama uko kwenye ile tarifa ya uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza, usije ukapitiliza kwa sababu ya kokoto. Umeme ukikatika usihangaike. Tope linatuama, umeme ukirudi linaendelea.

Kelele: pipa la mpira lina nafuu kubwa kuliko la plastiki. Hata hivyo mimi nakaa nyumba ya kupanga, na siku ya pili mama jirani aligonga, "Mwanangu, unasaga nini usiku kucha?" Nikaihamishia uani, chini ya bati, juu ya kipande cha godoro. Isipigwe na jua na usiifungie kabatini, mota inahitaji hewa, hasa kwa joto letu hili.

Kasoro niliyoiona: mkanda ulikatika siku ya tisa. Cha akiba hakikuwemo kwenye boksi. Nilipeleka kipande kwa wauza vipuri Kariakoo, wakanipimia oringi, ile pete ya mpira, inayolingana, na hadi leo inavuta.

Sasa mawe, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu mashine hizi zote zinafanana lakini mawe hayafanani. Mara ya kwanza nilienda ufukweni Kunduchi, nikajaza mfuko mawe meupe mazuri, nikayachanganya na vijiwe vya mtoni. Baada ya wiki nafungua, maji yamekuwa kama tui la nazi. Yale meupe yalikuwa matumbawe, chokaa tupu, ugumu wake kama 3 kwenye kipimo cha Mohs, kile kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10. Kwatzi, lile jiwe gumu la vijiwe vya mtoni, ni 7. Uliwahi kuweka kipande cha sabuni na misumari kwenye ndoo moja ukaitikisa? Ndiyo hiyo. Siku hizi nadondoshea siki: likitoa vipovu, linabaki ufukweni. Halafu nakwaruza na kisu: kikiacha mkwaruzo, silitaki.

Kokoto za Lugoba zilizomwagwa kwenye kila saiti mjini? Nilijaribu. Zile zenye vimeremeta vingi zinakatisha tamaa, sehemu laini inaliwa na ngumu inabaki, jiwe linatoka na mashimo. Ndivyo lilivyo hata lile jiwe la kijani lenye yakuti la Longido: yakuti ni 9, kijani chake kiko chini sana ya hapo. Na tafadhali, usitie tanzanaiti humo. Inapasuka kirahisi, utalia. Kwa kuanzia tafuta kwatzi, akiki, au krisopraso, jiwe la kijani la jamii ya kwatzi, ya Haneti kule Dodoma, na ununue kwa muuzaji mwenye leseni.

Hatua zenyewe ni namba za msasa tu, ambazo fundi seremala yeyote anazijua. Babu zetu walisugua mbao kwa majani ya mti wa msasa. Huku tunatumia silikoni kabaidi, maana mchanga wa pwani ni kwatzi, haumwezi kwatzi mwenzake. Jaza mawe hadi theluthi mbili au robo tatu ya pipa, makubwa kwa madogo, maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu, vijiko vinne vya unga wa 60/90, wenye chenga kubwa (namba ikipanda, chenga zinakuwa ndogo). Wiki. Kisha 120/220, kisha 500, mwisho polishi ya oksidi ya alumini. Ile ya kwanza ndiyo inayotengeneza umbo, na ndiyo watu wanaikimbia. Jiwe bado lina ufa? Lirudishe wiki nyingine. Ya kwangu mengine yalirudi mara tatu.

Kati ya hatua, osha pipa, mfuniko na kila jiwe. Chenga moja ya 60 ikiingia kwenye polishi, inachora kila kitu.

Lile tope, jamani, lisiende kwenye sinki! Linaganda kwenye bomba kama saruji. Mwaga kwenye ndoo, lituame, kisha fukia shambani likiwa bado bichi. Likikauka ni vumbi la mawe, na vumbi hilo si la kuvuta.

Kama unataka kitu cha kumtuliza mtoto wikendi hii, usinunue, atasahau kabla ya hatua ya pili. Kama wewe ni mtu wa kupanda mbegu ukangoja, nunua ya pipa la mpira, na mkanda wa akiba siku hiyo hiyo. Mimi hapa niko siku ya tatu ya 60/90, krisopraso safari hii. Nafungua Jumapili.