Mkanda wa tumbo: naipa hii kliniki nyota 2

Nimekaa na hili jambo moyoni muda mrefu ila juzi mdogo wangu kaniuliza na yeye afanye au aache, ndo nikaona bora niandike. Niko Uingereza, nilifanya operesheni ya mkanda wa tumbo ili nipungue unene, kwenye kliniki ya kulipia, jina siweki. Na sio lile puto la kupunguza unene la hospitali ya Mloganzila kule Dar, maana watu wananichanganya sana, puto linapitishwa mdomoni na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Huu ni mkanda wa silikoni, unafungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, una kamrija kanaenda mpaka kwenye kitu kama kifungo chini ya ngozi, wakitaka kuubana wanachoma sindano pale wanaongeza maji ya chumvi, wakitaka kuulegeza wanayavuta.

Operesheni yenyewe sina lawama. Vitundu vidogo vidogo tu, kesho yake nikarudi home, baada ya wiki 6 wakaongeza maji na kilo zikaanza kushuka kweli, mwaka wa kwanza nilipungua kilo 22. Nesi wa sindano alikuwa na mkono mwepesi na anakusikiliza, mpaka ugali alitaka ajue unapikwaje.

Shida ilikuwa kwenye sahani. Wali ukikauka kidogo unakwama, mkate ndo kabisa, nyama ya ng'ombe sahau. Kikikwama kifua kinabana kama umemeza jiwe, mdomo unajaa mate mazito yenye povu, unakimbilia chooni na huku mezani wanaulizana umeenda wapi. Nikajikuta nakula aiskrimu kwa sababu inapita bila tabu, na hapo mkanda hauna msaada wowote, vitu laini vya sukari vinateleza tu.

Mwaka wa 3 nikaanza kuamka usiku nakohoa, mto umelowa, uchungu kooni. Kupiga kliniki naambiwa huduma ya kufuatiliwa ilikuwa ya miaka 2, imeisha, nilipe upya na nafasi ni baada ya wiki 3. Siku ya 4 hata maji hayapiti! Nikakimbilia hospitali ya serikali, wakayavuta maji yote ya mkanda, wakanipiga eksirei huku nakunywa dawa, kumbe mkanda umeteleza na sehemu ya mfuko imepanda juu yake. Daktari akasema ikibanwa vile damu inaweza isifike na hiyo sehemu ikafa. Wakautoa.

Fomu niliyosaini nimeisoma tena, vyote vimo, kuteleza, mkanda kutoboa ukuta wa mfuko na kuingia ndani, mrija kuvuja, kifungo kutunga usaha, mawe kwenye nyongo ukipungua haraka. Lakini nililetewa asubuhi ya operesheni nikiwa nimeshavaa lile gauni lao, nani anasoma hapo? Na hakuna aliyenitamkia kwamba kupasuliwa mara ya pili ni kawaida kwa watu wa mkanda. Marekani waliuruhusu 2001 ukapendwa kweli, leo madaktari wengi wameuacha, wanaukata mfuko wa chakula wenyewe ubaki mdogo.

Mdogo wangu nimemwambia kabla hajatoa hela awaulize, mwaka wa 4 nikianza kutapika usiku nampigia nani, na gharama ya kuutoa ni ya nani? Wamwandikie kwenye karatasi.

Nyota 2, moja ya daktari aliyenipasua na moja ya yule nesi.