Canon 700D ya mtumba kwa bajeti ya laki nane: uzoefu wangu

Kama una laki nane na unatafuta SLR (kamera ya kubadilisha lenzi, yenye kioo cha kuakisi ndani) ya kwanza, ukifika dukani ulizia lenzi kabla hujaulizia kamera. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) yoyote ya Canon au Nikon ya miaka kumi na kitu iliyopita, ikiwa nzima, inatosha kupiga picha nzuri za watoto, za mahafali, hata za kukuingizia hela kidogo kwenye sherehe za mtaani. Kinachokwamisha watu ni lenzi. Na wauzaji wengi Kariakoo hawatakuambia, kwa sababu wao wanauza kamera "kamili", yaani bodi na ile lenzi ndogo ya milimita 18-55 (namba ikipanda ndivyo inavyovuta karibu), basi biashara imeisha.

Mimi natumia Canon EOS 700D. Nilichukua bodi na 18-55 kwa laki sita na ishirini, mtumba, na iliyobaki ikaenda kwenye lenzi ya pili ambayo nitaieleza. Niseme mapema kwamba hii si kamera ya kisasa. Ilitoka 2013, ina megapikseli 18, na siku hizi Canon na Nikon wote nguvu zao wamezihamishia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Kwa sisi wa mfuko mwembamba hiyo ni neema: wanaohamia huko wanauza SLR zao, na mzigo unashuka kwetu kwa bei inayozungumzika. Simu? Simu yangu inapiga vizuri tu mchana. Ila mtoto akikimbia, au taa zikipungua, simu inakupa rangi za kupaka na uso usioeleweka.

Awali nilikuwa nimeshaamua Nikon D3300. Kwa kweli ni kamera nzuri: megapikseli 24, nyepesi, betri yake inadumu kuliko ya 700D kwa mbali. Muuzaji akanipa ofa nikiwa nimesimama kaunta: "Kaka, nakuongezea na 50mm hii hapa, f/1.8, kwa elfu themanini tu." Lenzi safi, kioo kinang'aa. Tukaifunga kwenye bodi, nikabonyeza kitufe cha shata nusu ili ifokasi. Kimya. Picha ikabaki na ukungu vilevile. Muuzaji akafuta kioo kwa fulana, akajaribu tena, kimya. Nikaigeuza ile lenzi nikasoma: AF 50mm f/1.8D. Tatizo likawa limejieleza. Lenzi za Nikon za aina hiyo hazina mota ya kufokasi ndani. Zinazungushwa na mota iliyo kwenye bodi, kupitia kijiti kidogo kama ncha ya bisibisi kinachochungulia pale lenzi inapofungiwa. D90, D7000 na D7100 wanacho. Familia ya D3000 na D5000, ambazo ndizo bei yetu, hawana. Utafokasi kwa mkono, na mtoto wa miaka mitatu hakusubiri ufokasi kwa mkono.

Kwa Nikon hizo ndogo unahitaji lenzi iliyoandikwa AF-S (yenye mota yake ndani), na 50mm ya AF-S bei yake ni nyingine. Ipo pia AF-P, lenzi mpya zaidi, lakini D3100, D3200 na D5100 hazifokasi nayo kabisa. Yaani ni lazima ujue herufi kabla hujatoa hela. Canon hawana mambo hayo: tangu waanze mfumo wa lenzi wa EF mwaka 1987 mota iko ndani ya lenzi, kwa hiyo EF yoyote unayoikuta kwenye kabati la muuzaji itafokasi kwenye 700D. Mtu anayeanza, ananunua mtumba, hana wa kumuuliza, hilo kwangu lina uzito kuliko megapikseli sita za ziada. Nikamshukuru yule kaka nikavuka barabara.

Sasa hiyo lenzi ya pili: Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ni ndogo, haifiki gramu 200, na ndiyo iliyonifanya niione 700D kama kamera ya maana. Chukua ukumbi wa send-off saa tatu usiku. Fundi taa kawasha bluu na zambarau, MC anaita ukoo wa mama waingie na zawadi, wanakuja wanacheza. Ukiwa na 18-55 umeivuta mpaka 55, mlango wake wa mwanga haufunguki zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo ndivyo mlango ulivyo mpana). Hata ukipandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) mpaka 3200, shata inashuka kwenye 1/15 ya sekunde, na kwa spidi hiyo kila anayecheza anatoka na mikono minne. Weka 50mm, fungua f/1.8, mwanga unaoingia unakaribia mara kumi ya ule wa mwanzo. ISO ileile, shata inapanda kupita 1/125, na mama mkubwa anaganda hewani na vitenge vyake kichwani, uso uko wazi, nyuma yake taa zimekuwa viduara laini. Bodi haijabadilika. Ukitoa elfu arobaini kwenye zile laki nane ukanunua begi la mbwembwe badala ya kuitunzia lenzi hii, umejinyima mwenyewe.

Ina kero zake. Kwa sababu sensa ya 700D (kile kinachonasa picha ndani) ni ndogo kuliko ya zile kamera kubwa ziitwazo fremu kamili, 50 inaona kwa wembamba kama 80, hivyo sebuleni unajikuta umebana mgongo ukutani na bado bibi wa pembeni amekatwa bega. Kwa picha za kundi narudi kwenye 18-55 na flashi. Na haina kituliza mtikisiko, 18-55 inacho.

Tukirudi kwenye bodi yenyewe: kioo cha nyuma kinafunguka pembeni na kugeuka, na kinaguswa kama simu. Nilidhani ni urembo, kumbe ndicho ninachokitumia zaidi nikipiga watoto, maana kamera inakaa usawa wa magoti yao na mimi naangalia kwa juu. Ila ukipigia kwenye kioo, fokasi inajivuta. Chungulia kwenye tundu na inadaka palepale. Kuna pointi tisa tu za fokasi, mimi naiacha ya katikati. ISO mpaka 1600 picha ni safi, 3200 inavumilika, 6400 chenga zinaanza kusumbua. Betri ya LP-E8 haimalizi sherehe nzima, nunua ya pili, na ukiona mpya inauzwa kwa bei ya soda jua itavimba. Haina Wi-Fi. Kwa mila zetu za "picha zetu mbona hazijaja?" saa nne usiku kwenye grupu la familia, tembea na kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, na tuma kama dokyumenti, la sivyo WhatsApp inaikamua picha mpaka basi.

Kwenye ununuzi, hapa ndipo uwe mbishi. Utaambiwa Rebel T5i ni "ya Marekani, bora zaidi", na Kiss X7i ni "Japan original". Hizo zote ni 700D, kamera moja yenye majina matatu kulingana na soko. Usiongezewe hata elfu kumi. Ukiulizia shata imepigwa mara ngapi utajibiwa "haijatumika hii". Kwenye Nikon unaweza kuiona namba hiyo ndani ya taarifa za picha yenyewe. Canon hii haiandiki humo. Inabidi uichomeke kwenye laptopu yenye programu maalumu, kwa hiyo nenda na rafiki mwenye nayo. Halafu weka f/22, piga ukuta mweupe, kuza picha: madoa meusi yasiyohama ni vumbi kwenye sensa. Hilo linasafishika. Lisilosamehewa ni fangasi. Mulika tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, angalia upande wa pili. Ukiona vinyuzi vyeupe vinavyotambaa kutoka ukingoni, irudishe kwenye kabati lake. Kwa unyevu wa Dar, Tanga au Zanzibar, fangasi ikishashika inaendelea kula. Ndiyo maana hata yangu silazi kwenye begi ndani ya kabati la nguo. Inakaa kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu.

Wa kumwambia asiinunue yupo: anayetaka video. Ukitaka kujirekodi unaongea huku unasogea, 700D itakupoteza. Kusanya zaidi upate 200D ya 2017, ambayo inamfuata mtu usoni bila kuhangaika hata ukiwa unapigia kwenye kioo.

Mimi nitakayoiongeza sasa ni EF-S 24mm f/2.8, ile nyembamba ya gramu 125. Nimeipata moja ya mtumba, tochi imeshapita safi, tunabishania bei tu; sebule za Sinza hazikujengwa kwa ajili ya 50.